Hodi ya Saba

Kanyenye, saa nane usiku. Umeme umerudi,
na mizani ya ushirika iko mezani kwangu, tumbo wazi.
Inanuka asali ya Sikonge hadi ndani ya skurubu.

Ndoo sita inapima, kompyuta inaandika.
Ndoo ya saba, kimya.
Ngassa, karani wa ghala, anaiona namba ya sita
imeganda kwenye kioo
na ananitazama kama mtu aliyeweka jiwe chini ya sahani.

Dereva wa kidude hiki nimemwandika mwenyewe,
si wa treni, wa kipande cha silikoni
kinacholinda mlango wa USB.
Kwenye waya huu sheria ni moja, nayo ni ya kwetu:
mgeni hasemi mpaka mwenyeji aulize.
Kompyuta ndiyo mwenyeji. Mizani inakaa
ukingoni mwa mkeka.
Una kitu? Bado.
Una kitu? Bado, ndoo inayumba.
Una kitu?
Kilo ishirini na nane na robo.

Kwa hiyo mimi huandaa mapema.
Nachukua ombi: bakuli, ujazo wake,
na jina la wa kuarifiwa kazi ikiisha.
Nalipanga foleni nyuma ya wenzake
kisha naenda zangu. Sisimami mlangoni kuchungulia.
Baiti ya mwisho ikishapita
kidude kitapiga hodi.

Na hodi yake haina adabu.
Inakukuta katikati ya hesabu, tonge njiani kwenda mdomoni,
na tonge unaliacha hapo hapo hewani.
Baba aliifanya kazi hii miaka thelathini na mmoja
kwenye pointi za stesheni,
pale reli ya Mwanza inapoagana na ya Kigoma.
Kengele ikilia huulizi habari za nyumbani.
Unavuta wenzo, unainua taa, unarudi kitini.
Salamu ndefu ni za baadaye.

Basi tazama nilivyokosea, mimi binti yake.
Hodi ikipigwa nilisoma bakuli kwanza,
nikamwita wa kuarifiwa, nikapanga ombi jipya,
ndipo nikaifuta alama ya hodi kwenye rejista.
Ndoo sita zilikuja taratibu.
Ya saba aliibwaga kijana mwenye haraka,
na hodi yake ikaingia nikiwa na kitambaa mkononi.
Nikafuta mbili kwa mpanguso mmoja.
Yeye anangoja karibu. Mimi nangoja hodi.
Kimya kile chote, siku tatu za lawama,
kilikuwa watu wawili wanaongojana.

Nimehamisha mstari mmoja, kutoka chini kwenda juu.
Futa kwanza. Kisha soma.
Asali sina, nimepakia matofali:
saba, nane, ishirini, mpaka mkono ukaota sugu.

Halafu nikauchomoa waya makusudi,
maombi manne yakiwa bado foleni.
Hapa ndipo uvivu wa mwandishi hujulikana.
Mlango ukifungwa, kila bakuli lirudi kwa mwenyewe,
hata tupu, hata na namba hasi:
hasi mia moja na nane,
pamefungwa, usingoje tena.
Yakarudi manne. Niliyahesabu kwa kidole.

Faili la kiinua mgongo cha baba
liliingia dirishani mwaka ule mvua ilipobomoa choo.
Mpaka leo halijarudi na chochote.
Jana kaniuliza tena kama simu yangu inashika mtandao.
Sijui ni nani kule, na kitambaa chake.
Hata hasi ingemtosha,
angeishusha ile kofia ya kazi msumarini.

Naifunga mizani, skurubu nne, moja imezidi.
Treni ya Kigoma inapiga honi huko nje,
na chumba cha pili kitanda kinalia:
ameshaketi,
miguu inatafuta viatu gizani.